Kifo cha Bobini Nyeusi

Murugi hakuwa mtu wa kelele. Mjini Nyeri, katika miaka ile ya tisini, watu walimjua kwa mambo mawili tu: kwamba kola aliyoishona yeye haikunjamani hata uifue mpaka rangi iishe, na kwamba alikuwa na mabinti wanne na hana mvulana. La kwanza walimwambia usoni. La pili walilisema akishawapa kisogo, na hata hapo hawakupunguza sauti sana, maana kuna watu ambao Mungu aliwanyima haya akawaongezea koo.

Duka lake lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko. Mbele palikuwa na cherehani mbili na benchi la wateja. Nyuma, ukishapita pazia, kulikuwa na chumba cha kukatia nguo, na ndani yake meza pana kuliko kitanda cha watu wawili. Jumatatu mpaka Jumamosi ilikatiwa sare za shule na suti za harusi. Jumapili, kuanzia saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, iligeuka kuwa pango.

Pango ndilo jina walilolipa ule mchezo. Jina lake halisi lilikuwa juu ya boksi, limeandikwa kwa herufi za Kizungu zenye mikia, na hakuna aliyejisumbua nalo. Boksi lililetwa na Harrison, mwalimu wa jiografia kutoka upande wa Kakamega, ambaye naye aliachiwa na mwalimu mgeni wa kujitolea aliyemaliza miaka yake miwili akarudi kwao. Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza na mgumu kuamini. Mtu mmoja ndiye mwenye pango: yeye peke yake anajua kilicho nyuma ya kila mlango. Wengine, kila mmoja ana shujaa wake wa kubuni, na mashujaa hao wanaingia gizani pamoja kutafuta kitu. Wakikutana na zimwi, wanaweza kuongea nalo au kupigana nalo, kisha mwenye pango anasema kilichotokea. Hakuna kikombe wala mshindi.

"Hakuna mshindi?" aliuliza Wamae, mume wa Murugi, siku ya kwanza. "Sasa mtu atajuaje hii kitu imeisha?"

Wamae alikuwa koplo, mwalimu wa gwaride kule chuo cha polisi cha Kiganjo. Mchana kutwa aliwapigia makurutu kelele, na akifika nyumbani maneno yalikuwa yamekwisha. Kwa mkewe alisema "chakula", alisema "asante", na siku za furaha alisema "leo kulikuwa na baridi". Si mtu mbaya. Ni mtu aliyefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

Harrison ndiye aliyeanza kuwa mwenye pango, akashindwa vibaya. Alikuwa na huruma isiyofaa kazi ile. Mtu akigusa tu mlango, yeye anasema, "Hapo wacha, kuna nyoka." Basi Murugi akavisoma vitabu vya boksi katikati ya mteja na mteja, na kabla mwezi kuisha pango likawa lake. Alilichora mezani kwa chaki ya fundi, miraba ya inchi moja moja, ikapimwa kwa futi ileile aliyopimia viuno vya maharusi. Mashujaa walikuwa bobini tupu, vile vigurudumu vya uzi vya cherehani, kila mmoja kazungushiwa uzi wa rangi yake. Mazimwi yalikuwa vifungo. Dadu ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo wakaandika namba kwenye visoda ishirini, vifuniko vya chupa za soda, wakavitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Ukitaka kupiga, unatia mkono unachomoa kisoda: namba kubwa umepiga, namba ndogo umekosa. Kila shujaa alikuwa na pumzi kumi na mbili. Zikiisha amekufa, na kwa sheria ya Murugi, aliyekufa hafufuki.

Mchezaji wa tatu alikuwa Risper, nesi kutoka upande wa Kisumu, na yeye ndiye aliyeleta vita. Si vita vya pangoni. Vita vyake na Wamae.

Risper alipenda kuongea na kila kitu. Mkikuta zimwi limelala, yeye analiamsha, analiuliza watoto wake wako wapi, analiuliza nani alilitia uchungu wa namna hii, na nusu saa ikapita Wamae akiwa ameshika bobini yake hewani. Wamae naye alipenda kupanga. Mkifika mlangoni, yeye anahesabu miraba, anasogeza huyu kushoto, huyu nyuma ya nguzo, anarudi, anahesabu upya, mpaka Risper anaanza kufuma sweta kwa hasira.

"Hii si parade, Wamae!"

"Na hii si harambee ya kuongea. Huyo mnyama anataka kukukula."

"Labda ako na njaa tu. Umemuuliza?"

Kila mmoja kwa wakati wake alimfuata Murugi mbele, karibu na cherehani, akatishia kuacha. Risper alisema yeye hakutoka nyumbani kwake kuja kutazama mwanamume akipanga vifungo. Wamae alisema neno moja tu, "Kelele." Murugi alifikiri wiki nzima, mguu ukikanyaga cherehani. Mtu anayekata nguo bila kupima ataharibu kitambaa, na mtu anayepima tu bila kumtazama mwenye mwili atashona gunia. Jumapili iliyofuata, ilikuwa Januari, akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Risper, zimwi likikwambia hapana mara mbili, maneno imeisha. Unaingia kwa mstari. Na wewe, Baba Waithira, shujaa yako ataacha kuitwa Namba Moja. Kuanzia leo, shujaa kama hana jina, hana mama, hana kitu anaogopa, hatii mkono kwa mkebe."

Risper akapiga makofi. Wamae aliitazama bobini yake ya uzi mweusi, na watu wakadhani atainuka aende zake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wale wengine wawili walilijua nusu tu. Kwao Wamae, kijana wa kwanza wa mtu huitwa jina la babu mzaa baba. Ndivyo mzee anavyorudi nyumbani kabla hajaondoka. Wamae alikuwa mwana wa kiume pekee wa mzee aliyeishi kijiji kimoja juu ya Karatina, na mzee huyo alikuwa akingoja. Binti wa kwanza akaitwa Waithira, jina la marehemu mke wa mzee. Sawa. Wa pili, wa tatu. Mzee akakohoa. Wa nne alizaliwa mwaka wa tisini na nne kwa kupasuliwa, na Murugi akakaa hospitali majuma matano. Daktari aliwaita wote wawili akawaambia bila kuzungushazungusha kwamba mji wa mimba umeraruka na kushonwa, na kwamba mimba nyingine itamuua. Si huenda. Itamuua.

Wamae alisikia akiwa amesimama wima, kofia mkononi. Hakusema kitu siku ile, na hakusema kitu miaka mitatu iliyofuata. Kila mwezi mzee alituma salamu na mtu yeyote aliyekuwa akija mjini, salamu zilezile: "Mwambie mwanangu, jina langu liko wapi?" Na mara moja, Desemba, Wamae alivua viatu akakaa kitandani akasema, "Mzee anauliza." Basi, hayo tu. Murugi aliyabeba maneno hayo mawili kila mahali alipokwenda. Hakujua mumewe alikuwa akimpa habari au akimpa amri, na aliogopa kuuliza kwa sababu aliogopa jibu. Kila mwezi alihesabu siku zake kwa moyo uliomkauka, na kila Jumapili alichora pango.

Sasa Wamae akainua uso. Risper alikuwa ameshika kalamu.

"Haya, jina?"

"Kingori," alisema Wamae.

Chaki ikamvunjikia Murugi mkononi.

"Na mama yake?"

"Mukami."

"Na anaogopa nini, huyu Kingori yako?"

Wamae alifikiri. "Anaogopa kusahaulika."

Risper akaandika kwa furaha, akasema kumbe koplo ana hadithi ndani yake. Murugi akaokota vipande vya chaki. Kingori lilikuwa jina la mzee. Mukami alikuwa mama yake mzee. Mumewe alichukua jina ambalo lingemgharimu yeye uhai, akaliweka juu ya meza yake ya kazi, kwenye bobini, mbele ya watu, kana kwamba anaweka kofia. Alimtazama usoni atafute mzaha au tishio, asione lolote. Hasira ilimpanda, halafu hofu ikaja ikakaa juu ya hasira.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Katika miaka kumi na mbili ya ndoa Murugi hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe. Kwao mke wa mwana hatamki jina hilo; alimwita Guka, yaani babu, kama watoto wake. Kwa hiyo kwa miezi saba mwenye pango alikuwa akisema "yule mtu wako" na "huyo wa uzi mweusi", na Risper akimcheka kwamba amesahau jina la shujaa wa bwana yake.

Mchezo ulinoga, hilo tusilifiche. Wamae hakugeuka msemaji, lakini mara mojamoja, kabla ya kusogeza bobini, alisema kitu kwa sauti ya yule mtu: "Kingori amechoka magoti." "Kingori anauliza kama huyu mnyama ana mzee wake." Risper naye alijifunza kuhesabu miraba, kwa kuwa maneno yake sasa yangeweza kushindwa. Murugi aliyapa mazimwi sababu, kila moja na kitu linachotaka, ili kuongea kuwe na maana. Aliyapa pia meno ya kweli, ili kupanga kuwe na maana. Harrison alisema haijawahi kutokea Jumapili fupi namna ile.

Ikafika Jumapili moja ya Julai, baridi ya kutoa moshi mdomoni. Mashujaa watatu walikuwa wakitoroka na mtoto mgonjwa waliyemtoa ndani kabisa ya pango. Mbele yao daraja la mbao juu ya shimo. Nyuma yao vifungo vyeusi vinane. Risper alijaribu kuongea navyo, navyo vikasema hapana, mara mbili. Ilibidi mmoja abaki mdomoni mwa daraja awazuie, wengine wavuke na mtoto.

"Kingori atabaki," alisema Wamae.

Akasogeza bobini yake. Harrison, aliyekuwa amejifunza miraba kutoka kwake, akanyoosha kidole. "Koplo, si hapo. Rudi nyuma moja, kati ya hizo nguzo. Hapo nyuma anakupiga mmoja. Hapo mbele wanakupiga watatu."

"Hapa."

"Una hakika?" aliuliza Murugi. Mwenye pango haruhusiwi kushauri, lakini ulimi ulimponyoka.

"Niko na hakika." Kisha Wamae akasema kwa sauti ya yule mtu, polepole, sauti ya mzee: "Mimi ni Kingori. Nimefika mahali yangu. Nyinyi pitieni."

Wakapita. Kingori alipiga vifungo vitatu vikaanguka. Akapigwa, akapigwa tena, pumzi zikabaki mbili. Zamu ya vifungo ilipofika, Murugi alitia mkono kwenye mkebe kwa niaba yao na kuchomoa kisoda nyuma ya mfuniko, mahali ambapo hakuna aliyeona ila yeye. Kumi na saba. Kilichotakiwa kummaliza kilikuwa kumi na tano kwenda juu.

Angeweza kudanganya. Alikwisha mdanganyia Harrison mara mbili, mwanamume mzima asije akalia. Sekunde ile alimtazama mumewe na kuona kwamba hakuwa akiomba chochote. Na ndani yake Murugi akasikia sauti yake mwenyewe, wazi kabisa, ikisema: mwache afe. Acha hilo jina life, mimi nibaki. Ilimtisha kujua kwamba alikuwa na sauti ya namna hiyo. Akakiweka kisoda mezani, namba juu.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake akalitamka. "Kingori amekufa."

Risper akaachia kilio, "Uuwi! Mzee wa watu!" Harrison akavua kofia. Wamae aliilaza bobini ubavu, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Koplo wa Kiganjo alilia mchana kweupe, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Kumbe mbele, kwenye benchi la wateja, alikuwepo mama mmoja aitwaye Monicah. Huyu aliuza kabeji mjini lakini kwao ni kijiji kilekile cha mzee, nyumba ya tatu kutoka kwake, na alikuwa amepita kuchukua sketi ya chama cha akina mama. Alisikia jina. Akachungulia pembeni ya pazia, akamwona Wamae analia, nesi ameshika kichwa, mwalimu kavua kofia. Akafanya jambo la adabu, na kama angekuwa hana adabu watu wengi wangeepuka taabu: aliondoka kimyakimya, asiwasumbue wafiwa, akapanda gari la Karatina kupeleka habari nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu wanawake wawili wa kanisa waliingia dukani na chupa ya chai na nyuso za msiba.

"Pole sana, Mama Waithira. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Ya mzee Kingori. Ati amefia Mwea."

Mkasi ulianguka ukamkosa dole gumba kidogo tu. Ni kweli mzee alikuwa Mwea. Alikwenda tangu Alhamisi kumtembelea dada yake, alituma salamu. Murugi alitaka kuuliza ni lini, akashindwa, kwa sababu alikwisha jua ni lini. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja kasoro, na ni yeye aliyesema. Alilifungua jina la baba mkwe mdomoni mara moja tu maishani, na alilifungua ili kumuua, na moyo wake ulikuwa umekubali. Wale wanawake wakamkalisha kwenye benchi wakimsifu kwamba huyu ndiye mke wa mwana, anavyompenda baba mkwe wake.

Alipiga simu Kiganjo kutoka duka la dawa la jirani. Wamae akaja na sare, bila mshipi, jambo ambalo halijapata kutokea. Njiani kwenda kijijini Wamae aligeuka mara moja tu akasema, "Nilikuwa sijamaliza naye," kisha akatazama dirishani.

Boma la mzee lilikuwa limejaa. Unajua watu wetu kwenye msiba: kabla hujauliza marehemu ni nani, kamati imekwisha chagua mwenyekiti. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa, kuni zimepasuliwa, sufuria tatu ziko motoni. Philemon, mzee wa kanisa, alikuwa akiandika ratiba ya maziko kwa mwandiko wa kuringa. Seremala akamvuta Wamae kando, akamuuliza kwa heshima mzee alikuwa na urefu gani, na Wamae akafungua mdomo akagundua kwamba hajui urefu wa baba yake.

Murugi aliingia upande wa wanawake. Akamkuta Monicah akikatakata kitunguu na kusimulia, kwa mara ya kumi bila shaka.

"Mimi nimesikia kwa mdomo ya huyu mwenyewe," alisema Monicah, akimwelekezea Murugi kisu kwa huzuni. "Jana. Nilikuwa kwa benchi. Alisema, 'Kingori amekufa.' Na bwana yake analia hivi, kama mtoto."

Murugi akaelewa yote kwa mara moja. Mzee hakuwa amekufa. Hakuna aliyekufa. Watu sabini walikuwa wamekusanyika kumzika bobini. Alitaka kucheka kwa furaha na alitaka ardhi ipasuke aingie, na kabla hajachagua, kengele ya baiskeli ikalia langoni.

Mzee Kingori alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya kukodi, amekumbatia gunia dogo la mchele wa pishori. Akashuka polepole, akanyoosha mgongo, akavitazama viti, akautazama moshi. Mwanamke mmoja akaangusha mwiko ndani ya sufuria. Mwingine aligeuka akakimbilia ndani ya mibuni na hakurudi mpaka jioni. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

"Ni nani amekufa kwangu nikiwa sipo?" aliuliza mzee.

Macho yake yakatua kwa mzee wa kanisa.

"Philemon, wewe una karatasi. Soma. Ni nani?"

Mzee wa kanisa alitazama ratiba yake kana kwamba labda jina limebadilika. "Ni... ni wewe, Mzee."

Sikusimulii kelele zilizofuata. Zilipopoa, mzee alikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye kiti chake cha mikono ambacho hata mwanawe hakuwahi kukikalia, na mbele yake walisimama Wamae, Murugi, Philemon na Monicah aliyekuwa akitetemeka. Waliongea Kikuyu, na mzee hakupaza sauti.

"Nani alisema nimekufa?"

Monicah akanyoosha kidevu upande wa Murugi.

"Ni mimi, Guka," alisema Murugi. "Nilisema, Kingori amekufa." Philemon akavuta pumzi kwa nguvu. Mke wa mwana alikuwa ametamka jina mbele ya mwenyewe. Lakini Murugi alikwisha vuka, akaendelea hadi mwisho: meza, chaki, visoda, uzi mweusi, daraja. Aliyasema yote ila lile la moyoni.

Mzee alisikiliza bila kupepesa. "Mtu wa uzi," alisema. "Akapewa jina langu." Akamgeukia mwanawe. "Ulimpa wewe?"

"Mimi, Baba."

"Nionyeshe nilivyokufa."

Wamae akatoka, akarudi na konzi ya maharagwe na mahindi kutoka kwa wapishi. Akayapanga juu ya meza ndogo ya mzee. Njiti mbili za kiberiti zikawa daraja, mahindi manane yakawa maadui, haragwe moja jeusi likasimama mdomoni. Akaeleza, na mkono wake ulikuwa imara. Mzee aliinama akatazama muda mrefu, kisha akaweka kidole nyuma ya haragwe.

"Hapa. Ukirudi hatua moja, anakufikia mmoja tu. Hata mimi naona, na macho yangu mabovu. Wewe si ndiye unayefundisha askari?"

"Niliuona huo mraba, Baba."

"Uliuona?"

"Nilihesabu kabla sijasimama."

"Sasa mbona ukaniweka hapa nife?"

Wamae alinyamaza. Murugi alidhani atanyamaza kama alivyonyamaza miaka yote, na akachukia kimya kile kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Halafu mumewe akainua mkono, na hakuuelekeza kwenye maharagwe. Aliuelekeza kwake.

"Kwa sababu ilikuwa ni wewe au ni huyu."

Akamwambia. Akayarudia maneno ya daktari yote, moja baada ya jingine, bila kukosea hata moja: kuraruka, kushonwa, itamuua. Murugi alisimama mdomo wazi. Miaka mitatu alidhani mwanamume yule hakusikia, kumbe aliyabeba kama yalivyotamkwa. "Kuongea sijui, Baba," alisema Wamae, na sasa sauti ilikuwa ikimvunjika. "Kupanga watu ndiyo najua. Niliona nikupe jina mahali, lipate mtu wa kulibeba, liishi, halafu life vizuri. Ndipo nije nikwambie limekwisha, usiulize tena. Nilikuwa naogopa kuja. Nilitaka nije Jumamosi. Nikaambiwa umekufa."

Mzee alilichukua lile haragwe jeusi, akalirudisha nyuma hatua moja, kati ya nguzo. Akalitazama pale. Kisha akalisogeza tena mbele, mahali mwanawe alipokuwa ameliweka, akaliacha.

"Aliwazuia wangapi?" aliuliza.

"Watatu. Na mtoto akavuka."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akainuka kwa kushika mikono ya kiti, akamtazama Murugi kwa macho ya mtu anayemwona mgeni ndani ya nyumba yake na kugundua ni jamaa. Hakumwambia kitu. Akatoka mlangoni, na Murugi akamsikia akisema na ule umati wote.

"Mimi ni mzima. Aliyekufa alikuwa na jina langu. Mwanangu alimpa, akalibeba miezi saba, akafa amesimama. Jina langu limekwisha pata mtu. Atakayemuuliza Wamae au mke wake habari za mvulana, aje kwanza aniulize mimi. Chakula kimeiva. Kaeni mle."

Murugi alitaka kulia, na machozi yakakataa kuja. Alitaka kumshika mumewe, na mikono haikuinuka. Akapapasa nyuma yake kutafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha mzee, kile cha mikono. Wamae alimwona. Philemon alimwona. Mzee mwenyewe aligeuka mlangoni, akamwona, akamwambia Monicah amletee chai.